NANI KASEMA AJALI HAINA KINGA?



Katika kurasa za afya tumezoea kusoma habari za malaria, kipindupindu, kisukari na shinikizo la damu. Leo, inshaallah, tuzungumzie balaa ambalo halina mbu wala kijidudu, halitibiwi kwa dawa ya kumeza, na ambalo linaua watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29 kuliko sababu nyingine yoyote duniani. Nalo ni ajali za barabarani.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliyotolewa mwaka 2023 inaeleza kuwa katika mwaka 2021 peke yake watu milioni 1.19 walikufa barabarani. Gawanya hesabu hiyo kwa siku utapata zaidi ya watu 3,200. Gawanya kwa dakika utapata zaidi ya wawili. Maana yake ni kuwa khutba ya Ijumaa ya nusu saa, tangu imamu anapanda mimbari mpaka anashuka, inamalizika huku watu wapatao 68 wameshapoteza maisha barabarani mahali fulani duniani.

Sasa wengi wetu tukisikia ajali tunafikiria basi la mkoani limepinduka. Hilo ndilo linaloandikwa magazetini. Lakini ripoti hiyo hiyo inasema zaidi ya nusu ya wanaokufa si abiria wa magari hata kidogo. Ni waendao kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Waenda kwa miguu peke yao ni asilimia 23, wapanda pikipiki na vyombo vya matairi matatu ni asilimia 21, na wa baiskeli asilimia 6. Hawa hufa mmoja mmoja, pembezoni mwa barabara, jioni wakati wa kutoka sokoni au alfajiri wakati wa kwenda msikitini, na habari zao hazifiki mbali zaidi ya mtaa wao. Na katika kila vifo 100, vifo 92 vinatokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ingawa nchi hizo zina takriban asilimia 60 tu ya magari yote duniani. Kanda ya Afrika ndiyo yenye hali mbaya kuliko zote, takriban watu 19 katika kila watu 100,000. Wakati dunia kwa ujumla imepunguza vifo hivi kwa asilimia 5 tangu mwaka 2010, Afrika vimeongezeka kwa asilimia 17.

Kwa nini sisi? Kwa sababu barabara zetu zimejengwa kwa ajili ya gari, na sisi wengi hatuna gari. WHO inasema asilimia 80 ya barabara zilizopimwa duniani hazifikii kiwango cha chini cha usalama kwa mwenda kwa miguu, na ni asilimia 0.2 tu zenye njia ya baiskeli.

Kisingizio cha kadari

Ukienda msibani kwa aliyegongwa utasikia maneno mawili. La kwanza, "kazi ya Mungu haina makosa." La pili, "ajali haina kinga." La kwanza ni haki, na ndiyo imani yetu. La pili ni maneno ya watu, na tena si ya kweli.

Ajali hizi zina historia fupi kuliko tunavyodhani. Tarehe 17 Agosti 1896 mama mmoja, Bridget Driscoll, aligongwa na gari karibu na Crystal Palace jijini London akafa. Alikuwa mwenda kwa miguu wa kwanza Uingereza kuuawa na gari la injini ya mafuta. Gari lenyewe lilikuwa la mwendo wa kubembea, ambao leo mwendesha baiskeli angelipita. Afisa aliyechunguza kifo kile alieleza matumaini yake kuwa jambo kama hilo lisingetokea tena. Tangu hapo wameshakufa mamilioni. Hivyo maradhi haya hayakushuka kutoka mbinguni, yaliletwa na chombo alichokitengeneza binadamu, na binadamu huyo huyo anaweza kukipunguza makali.

Na waliotaka wamepunguza. Uholanzi, nchi tunayoisikia kwa baiskeli, mwaka 1971 ilipoteza watu wapatao 3,300 barabarani, wakiwemo watoto zaidi ya 400. Wazazi waliingia mitaani wakidai watoto wao waache kuuawa. Serikali ikajenga njia za baiskeli, ikapunguza mwendo mitaani, na vifo vikashuka mwaka hadi mwaka. Vietnam, nchi ya pikipiki, ilipitisha sheria ya kila mpanda pikipiki kuvaa helmeti kuanzia tarehe 15 Desemba 2007, na ikaisimamia kweli kweli. Waliokuwa wakivaa walikuwa chini ya nusu, wakapanda kupita asilimia 90.

Wala msomaji usidhani ni habari za makafiri tu. Mwaka 2003 suala hili lilifikishwa mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kwa juhudi za Oman, kupitia balozi wake Fuad Al-Hinai. Mwaka uliofuata Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 2004, ikatengwa kwa ajili ya usalama barabarani. Hivi sasa dunia imo katika muongo wa pili wa kazi hiyo, 2021 hadi 2030, na lengo ni kupunguza vifo kwa nusu.

Ama kuhusu kadari, tunamjua Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari ya tauni. Alirudi na watu wake. Abu Ubaida (r.a.) alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah, jibu lake lilikuwa kwamba anaikimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Na yule bedui aliyeuliza kama amfunge ngamia wake au amuache na kutawakali, Mtume (s.a.w.) alimuelekeza amfunge kwanza kisha atawakali. Suratul Baqara aya ya 195 inatukataza kujitia wenyewe katika maangamizi. Sasa mtu anayempakia mwanawe juu ya tangi la mafuta la bodaboda, kichwa wazi, kisha akasema ajali haina kinga, huyo ngamia amemfungua kwa mkono wake.

Mwendo ndio unaoua

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linakula takriban mita 14 kwa sekunde moja. Kwa kilomita 80 linakula mita 22. Sekunde hiyo moja ndiyo dereva anayoitumia kuona, kufahamu na kupeleka mguu kwenye breki, na hapo gari bado halijaanza kupunguza mwendo. Mtoto aliyeingia barabarani mita 15 mbele ya gari la kilomita 80 hatapata hata faida ya breki. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kugonga inaongezeka mara nne. WHO inaeleza kuwa hatari ya kufa kwa mwenda kwa miguu aliyegongwa na gari inaongezeka mara nne na nusu mwendo ukipanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa. Ni kilomita 15 tu, ambazo dereva wa daladala hata hazihisi.

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, ya mwaka 1973, inataka mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Simama barabarani kwenu dakika kumi kabla ya adhana ya Magharibi mwezi wa Ramadhani uone nani anaifuata. Mtu amefunga tangu alfajiri, amejizuia na chakula na maji kwa ajili ya Allah, kisha anakimbizana na kikombe cha uji kwa mwendo wa kuua. Anayechelewa kufuturu afungue kwa tende na maji garini akiwa amesimama pembeni.

Wala ulevi si wa pombe peke yake. Kuna dereva aliyekesha siku mbili, kuna anayeendesha huku macho yako kwenye simu, na kuna aliyemeza piritoni kwa ajili ya mafua au kujikuna, dawa ambayo inaleta usingizi na imeandikwa hivyo kwenye paketi yake. Ukipewa dawa, muulize mtoa dawa kama inaruhusu kuendesha chombo.

Njia ya msikitini na madrasa

Mwenda kwa miguu wetu ana nyakati zake za hatari, na nyingi zimefungamana na ibada. Alfajiri tunatoka gizani. Isha na tarawehe tunarudi gizani, mara nyingi wanawake wakiwa wamevaa baibui jeusi kutoka juu hadi chini na wameshika watoto. Dereva mwenye taa hafifu haoni baibui jeusi mpaka amelifikia. Hatusemi baibui libadilishwe rangi. Tunasema mtanda mweupe au kanga yenye rangi ya kung'aa juu ya mabega, au tochi ya simu ikimulika chini, inatosha kumfanya dereva akuone mapema. Kanzu nyeupe ya mwanamume inafanya kazi hiyo yenyewe, alhamdulillah.

Kwa kuwa huku kwetu magari yanapita kushoto, mtembee upande wa kulia wa barabara, ili gari la upande wenu mlione usoni. Mkiwa wengi msitembee bega kwa bega mkizungumza. Fuateni mstari mmoja, na mtoto awe upande wa ndani, mbali na magari.

Watoto wa madrasa wana habari yao. Mtoto wa chini ya miaka tisa au kumi hajawa na uwezo wa kukadiria gari liko umbali gani na linakuja kwa kasi gani. Si utundu, ni umri. Macho yanaona gari, akili haijui litafika lini. Tena ni mfupi, amefichwa na magari yaliyoegeshwa. Kwa hiyo kumwambia "uangalie magari" na kumuachia avuke peke yake na juzuu yake mkononi si malezi. Avushwe na mkubwa. Walimu wa madrasa wanaweza kuwapanga wanafunzi wakubwa wawili kuvusha wadogo kila siku baada ya Alasiri, hilo halihitaji fedha ya mfadhili. Na mtoto afundishwe jambo moja asilisahau: ukishuka daladala, usipite mbele yake wala nyuma yake. Subiri iondoke ndipo uvuke.

Inawezekana pia kurekebisha barabara yenyewe. Shirika la Amend limekuwa likifanya kazi karibu na shule za msingi Dar es Salaam na miji mingine ya Afrika, likiweka matuta, vivuko, njia za miguu na vizuizi. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam ulionesha majeruhi katika maeneo hayo walipungua kwa zaidi ya robo, na mwaka 2019 mradi huo ulipata tuzo ya kimataifa ya WRI Ross. Mambo yenyewe ni ya saruji, rangi na vyuma. Kamati ya msikiti ambayo inaweza kujenga mnara inaweza pia kuandika barua kwa serikali ya mtaa ikaomba tuta na kivuko mbele ya msikiti, na ikaifuatilia barua hiyo.

Hapa niseme la kutuuma wenyewe. Siku ya Ijumaa tunaegesha magari na pikipiki juu ya njia ya miguu, tunafunga kabisa, na wazee wenye mikongojo na kina mama wenye watoto mgongoni wanalazimika kushuka katikati ya barabara. Tunafanya hivyo tukiwa na udhu. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) aliwaeleza masahaba kuwa njia ina haki zake, na mojawapo ni kuzuia maudhi. Kuondoa chenye kudhuru njiani amekuhesabu kuwa ni tawi la imani. Sasa anayeweka chenye kudhuru ajihesabu mwenyewe yuko tawi gani. Nimewahi kulisema hili baada ya swala nikaambiwa nimeleta siasa za manispaa msikitini.

Bodaboda na usafi wa helmeti

Neno bodaboda lilizaliwa mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, wakati wa baiskeli za kuvusha abiria kutoka mpaka hadi mpaka. Leo ni pikipiki, na zimekuwa riziki ya vijana wetu wengi. Hatuzipigi vita. Lakini wodi za mifupa zimejaa vijana hao na abiria wao.

Uchunguzi wa kitabibu uliokusanya tafiti za nchi mbalimbali ulionesha kuwa helmeti inapunguza kifo kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69 kwa mpanda pikipiki aliyepata ajali. Hakuna chanjo nyingi zenye bei ya helmeti zinazofanya kazi hiyo. Hata hivyo abiria wengi, hasa kina mama, wanaikataa, na sababu wanayoitoa ni ya usafi. Wanasema imevaliwa na watu hamsini, inanuka jasho, ina mba na mapunye.

Hoja hiyo isidharauliwe, kwani ukurasa huu ni wa usafi. Ni kweli kuwa mapunye ni fangasi na yanaweza kuambukizwa kwa kuchangia kofia. Lakini mapunye yanatibiwa yakapona. Ubongo uliopondeka, msomaji, hakuna hospitali inayoushona ukarudi ulivyokuwa. Dawa ya hofu hii ni kitambaa chepesi cha pamba, kisafi, cha kwako mwenyewe, ukivae ndani ya helmeti kisha ukifue ukifika nyumbani. Mwanamke mwenye ushungi tayari anacho, ila aondoe pini za juu ya kichwa, maana zikigandamizwa zinachoma, na nywele asizifunge fundo kubwa utosini, helmeti haitakaa. Mwanamume avue kofia yake ya kiua aitie mfukoni, kwa sababu juu yake helmeti inaelea. Na wewe kijana wa bodaboda, futa ndani ya helmeti yako kwa kitambaa chenye maji na sabuni, ianike juani ukienda kuswali Adhuhuri. Abiria wataivaa.

Helmeti isiyofungwa mkanda ni sawa na hakuna, inaruka kabla ya kichwa kufika chini. Mkanda ufungwe viweze kupita vidole viwili tu chini ya kidevu. Iliyowahi kupata ajali isitumike tena hata kama haionekani kupasuka, kwa sababu povu la ndani limeshabonyea. Kofia za mafundi ujenzi si helmeti.

Suala la mwanamke kupakiwa na asiyekuwa maharimu wake wana cha kusema masheikh, si mimi. La kiafya ni hili: baibui refu linaingia kwenye mnyororo au spoku za gurudumu la nyuma, linamvuta aliyelivaa mpaka chini. Kukaa upande upande kunaongeza hatari, kwani huna unachokishika na miguu yote iko upande mmoja. Vaa suruali pana ndani, kaa ukitazama mbele, kusanya baibui na mtandio uvikalie. Mguu wa kulia uwe mbali na bomba la moshi. Ukiungua, mimina maji safi ya baridi, siyo barafu, kwa dakika 20. Dawa ya meno na unga wa ngano ni vya mahali pengine.

Kupakia mishikaki, watu watatu wanne juu ya pikipiki moja, hilo halina maelezo. Wapanda baiskeli nao wavae helmeti, waweke taa mbele na kiakisi chekundu nyuma. Mzigo wa mkaa usiwe mpana kuliko usukani.

Ajali ikishatokea

Majeruhi wengi huumizwa mara ya pili na wanaowasaidia. Tunamnyanyua mmoja mikono, mwingine miguu, tunamkunja ndani ya bajaji. Ikiwa uti wa mgongo ulikuwa umepata ufa, hapo unakatika. Kwanza zuieni magari. Kisha mtu mmoja ashike kichwa chake kisicheze, na asogezwe tu akiwa amelazwa juu ya kitu kilichonyooka, ubao au hata mlango, kichwa, shingo na mgongo vikiwa mstari mmoja. Aliyezimia lakini anapumua alazwe ubavu ili matapishi yasimzibe. Helmeti msimvue kwa nguvu, mfungulieni kioo cha mbele. Damu inayotoka igandamizwe kwa kilemba au leso safi bila kuachia achia. Asipewe maji wala chai, hata akiomba, kwani huenda atahitaji upasuaji. Fomu ya polisi, PF3, mtu mmoja aifuate kituoni wakati mwingine yuko na majeruhi hospitali. Damu haisubiri fomu.

Kisha kuna yule aliyeanguka, akainuka, akajikung'uta vumbi, akasema alhamdulillah niko salama. Mchungeni saa 24. Akitapika mara kwa mara, akisinzia kupita kawaida, akichanganya maneno, kichwa kikizidi kuuma, mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko ya pili, au akitokwa na majimaji masikioni au puani, huenda damu inavuja ndani ya fuvu. Apelekwe hospitali usiku huo huo.

Na aliyegonga akaua, akiwa Muislamu, asidhani mambo yameisha kwa bima na faini. Suratun Nisaa aya ya 92 imeweka hukumu ya aliyeua kwa kukosea: diya kwa jamaa wa marehemu isipokuwa wasamehe, na kafara, ambayo kwa asiyepata mtumwa wa kumuacha huru ni kufunga miezi miwili mfululizo. Namna inavyomhusu dereva, kwa kadiri ya kosa lake, amuulize mwanachuoni anayemuamini. Madereva wengi hawajawahi kuambiwa kuwa kuna swali hilo.

Inshaallah tukijaaliwa uhai, toleo lijalo tutazungumzia majeraha ya moto jikoni.